Chuma cha Wajawazito

Njano ilikuwa imerudi.

Minza aliiona kabla hajavua koti, kwenye tuta la kwanza la mchicha, kule juu ambako jani jipya hujikunjua. Mishipa ya jani ilikuwa bado ya kijani, myembamba kama nyuzi, lakini katikati ya mishipa palikuwa pamepauka kabisa. Akainama kwenye tuta la pili. Vilevile. La tatu hakuliangalia. Alikaa sakafuni, akaegemeza kisogo kwenye bomba la maji, akatoa neno ambalo mama yake angelisikia angemzaba kofi.

Wiki iliyopita majani ya matuta haya haya yalikuwa yamepona. Watu wa Tukae walikuja hadi mlangoni kuyatazama, wakapiga makofi, watoto wakaruhusiwa kuyagusa. Minza, ambaye hapendi kutazamwa na watu wengi, alijificha nyuma ya matenki na bado akasikia jina lake likitajwa kwa sifa. Sasa angependa kujificha tena, kwa sababu nyingine.

Juu ya mlango palikuwa na mshale unaoonyesha usafi wa hewa ya mji. Haukuwa mahali pazuri. Tukae ilijengwa ndani ya pango refu chini ya ardhi ya Mirihi, na pumzi ya kila aliyeishi humo ilitoka kwenye majani ya bustani hii. Kulikuwa na mashine kubwa waliyoiita Pafu, lakini kazi ya Pafu ilikuwa kunyonya hewa chafu tu na kuigeuza unga mweupe. Hewa safi haikujua kuitengeneza. Hiyo ilikuwa kazi ya majani, na jani lisilo na kijani ni kama mfanyakazi aliyelala.

Mlango ukafunguka. Bwana Kihwele, mkuu wa mji, aliingia akiinama kama kawaida yake, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Alisimama mbele ya tuta la kwanza, mikono nyuma.

"Niambie kwamba ninachokiona sicho," alisema.

"Ndicho, mkuu."

"Ulisema ni chuma kimepungua. Tukakupa chuma."

"Mlinipa. Nikakimwaga, majani yakapona."

"Na sasa?"

"Sasa yanaumwa tena."

"Binti, hiyo nami naiona. Nauliza kwa nini."

Minza aliinuka, akajipangusa magoti. Alikuwa amesomea kazi hii miaka mingi, na bado kila alipoulizwa na mkubwa maneno yalimjia yamechanganyika. Alichuma jani moja la chini, la zamani, akaliweka karibu na lile changa.

"Tazama. La chini ni zima. La juu ndilo linaumwa. Ingekuwa mbolea ya naitrojeni imepungua, mmea ungelinyang'anya jani la zamani ukalipa la mtoto, kwa hiyo la chini ndilo lingeanza. Magnesiamu nayo ni vilevile, hunyang'anywa mzee akapewa mtoto. Lakini chuma hakihami. Kikishakaa kwenye jani, kimekaa. Kwa hiyo kikikosekana kinachoumia ni kinachozaliwa."

"Taa je? Labda mwanga hautoshi."

"Nimeziongeza, majani yakaungua pembeni. Nikazipunguza, yakarefuka bila nguvu, meupe kama miche iliyooteshwa kabatini. Nimezirudisha pale pale. Joto nimelishusha, nimelipandisha. Mbolea nimeweka. Magnesiamu nimeweka, na hiyo ndiyo imo ndani ya kijani chenyewe, katikati kabisa. Nimefanya yote, mkuu. Yote."

"Na chuma nacho kimo ndani ya kijani?"

"Hapana. Chuma ni kama kinu. Ukila ugali huli kinu, lakini bila kinu huo unga ungetoka wapi? Jani linahitaji chuma ili litengeneze kijani. Bila chuma, vitu vyote vipo na kazi haifanyiki."

Kihwele alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Nje ya pango hili ni kutu mpaka macho yanapoishia. Mchanga mwekundu, mawe mekundu, vumbi jekundu. Tunakanyaga chuma asubuhi na jioni, na wewe unaniambia majani yanakufa kwa kukosa chuma."

"Mizizi hainywi kutu," Minza alisema kwa sauti ndogo. "Inataka chuma kilichoyeyuka. Kama kile cha vidonge."

Sasa wote wawili walikuwa wamefika pale ambapo hakuna aliyetaka kufika. Vidonge vya kuongeza damu vililetwa kutoka Duniani kwa ajili ya wajawazito. Nusu yake ndiyo iliyomwagwa mara ya kwanza. Nusu nyingine ilikuwa zahanati, na chombo cha mizigo kilikuwa bado mbali sana angani.

"Chukua iliyobaki," Kihwele alisema.

"Mkuu, kuna wajawazito watatu."

"Nawajua, nawasalimia kila siku. Minza, mshale ukigusa mstari mwekundu nafunga Mtaa wa Chini na kuwabana watu wote huku juu. Ukipita hapo hakuna mtaa mwingine wa kufunga. Hao watatu nao wanapumua."

Akatoka, akainama tena mlangoni.

*

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye pazia. Mama Atupele, mkunga wa Tukae, alikuwa akikunja vitambaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyezimia, na hakuna aliyezaliwa katika pango hilo bila kupitia mikononi mwake. Tena ndiye aliyekuwa mkuu wa kina mama wa jikoni. Mji mzima ulikula kama alivyosema yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kwa kichwa kuuma, kila mtu kinamuuma. Kama umekuja kwa kile ninachokifikiria, geuza hapo hapo ulipo."

"Mkuu amesema..."

"Mkuu amewahi kubeba mimba?" Mama Atupele alitupa kitambaa mezani. "Mara ya kwanza nilikupa kwa mkono wangu mwenyewe. Ulisema itatosha. Nilisimama hapa nikakuhesabia vidonge kama ninayegawa karanga. Imetosha?"

"Haikutosha."

"Na leo itatosha?"

Minza alitazama vitambaa mezani.

"Sema basi! Wewe ndiye msomi wa majani. Nikikupa hivi, majani yatapona na kubaki mazima, au tutayapigia makofi wiki moja halafu urudi kuniomba na nyembe zangu?"

"Sijui, mama. Sielewi yanakipeleka wapi chuma. Nimekesha nikifikiri, sielewi." Machozi yalikuwa karibu, na hilo likamkasirisha zaidi. "Kifaa cha kupimia udongo kiliharibika, nikaomba kingine, nikaambiwa nisubiri chombo. Kipimo cha tenki kinasema maji ni mazuri. Maji mazuri, mwanga mzuri, mbolea nzuri, na majani yananicheka!"

Mama Atupele alisukuma vitambaa kando. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa ya kahawia, akaishika bila kuinyoosha.

"Wifi yako Kemilembe, nikimfunua jicho, ndani ni peupe kama kitambaa hiki. Hana damu. Akijifungua salama, ni Mungu. Akitokwa na damu nyingi, sina cha kumrudishia. Umenisikia? Sisemi wajawazito. Nasema Kemilembe, mke wa kaka yako, anayekupikia." Akaiweka chupa kwenye kiganja cha Minza na kuvikunja vidole vyake juu yake kwa nguvu. "Haya. Nimetii mkuu. Lakini kabla hujavisaga, nenda ukamwambie mwenyewe. Usinitume mimi."

*

Kemilembe alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, akichochea sufuria juu ya jiko la umeme. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa nane. Mhoja, mumewe, alikuwa zamu huko kwenye Pafu, ambako siku hizi mafundi hawakupumzika.

"Karibu wifi. Uso huo umeutoa wapi? Kaa. Ule kwanza, ndipo uniambie habari mbaya."

"Nani kasema nina habari mbaya?"

"Mtu mwenye habari njema hashiki chupa hivyo."

Minza aliiweka chupa sakafuni, nyuma ya mguu wake, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Kemilembe aliiona, akaendelea kuchochea. Alipakua ugali, akamwaga maji ya mboga kwenye ndoo ndogo, akapakua mchicha, akajimiminia kikombe cha juisi nyekundu ya rozela.

"Mama Atupele ananinywesha hii mpaka nimechoka," alisema. "Ati inaleta damu. Nikijikata itatoka juisi."

Minza alimega tonge, akachota mboga, na mkono wake ukaishia njiani. Mchicha uliokuwa kwenye vidole vyake ulikuwa wa kijani. Si kijani sana, lakini haukuwa ile rangi ya ugonjwa aliyoiona asubuhi.

"Hii mboga umetoa wapi?"

"Bustanini kwako. Kuna bustani nyingine?"

"Kwangu majani yamepauka."

"Yamepauka hasa, na magumu kama kamba. Ndiyo maana natia magadi, wifi, yarudishe rangi na kulainisha. Bila magadi kaka yako angeuliza kwa nini nimempikia majani makavu. Zamani nilitia kwa ncha ya kijiko. Siku hizi kijiko kizima, na kikijaa. Tena afadhali yameongezeka, Pafu linatoa mengi, Mhoja ananiletea mfuko."

Minza aliyajua magadi hayo. Kila mtu aliyajua. Ule unga mweupe uliotokana na hewa chafu, mafundi walitaka kuutupa, na Mama Atupele alipouonja kwa ulimi alicheka mpaka akashika ukuta: tumekuja mpaka Mirihi, na magadi yametufuata! Tangu siku hiyo hakuna jiko la Tukae lililochemsha mboga au maharage bila magadi. Minza mwenyewe alikuwa ameyala kila siku, na hakuwahi kuyafikiria, kama vile mtu asivyofikiria chumvi.

"Maji ya mboga," alisema polepole. "Unayamwaga wapi?"

"We Minza! Ninayamwaga wapi? Nayapeleka kwako, pale kwenye mfereji wa mlangoni, kama kila mtu. Si ndiyo sheria, maji hayapotei? Tena maji ya mboga yana nguvu, Mama Atupele alisema yaende kwenye matuta moja kwa moja, yasipotelee tenkini. Ulitushukuru mwenyewe."

Alikuwa amewashukuru. Alisimama pale mlangoni akiwapokea ndoo, jioni baada ya jioni, akisema asanteni kina mama.

Minza alichukua kikombe cha rozela kutoka mbele ya wifi yake bila kuomba. Alimimina kidogo kwenye ndoo ya maji ya mboga. Wekundu ukaingia, ukasita, ukawa kama rangi ya mchubuko, kisha ukageuka kijani cha tope.

"Mungu wangu," Kemilembe alisema. "Umeiua juisi yangu."

Minza alimimina tena, safari hii kwenye bilauri ya maji safi ya bomba. Yalibaki mekundu. Akatazama ndoo, akatazama bilauri. Akaweka mikono yake kichwani na kuanza kucheka, na kicheko kilikuwa kibaya kiasi kwamba Kemilembe alijikokota kutoka kwenye kigoda na kumshika bega.

"Wifi. Wifi! Ulitaka kuniambia nini kuhusu hiyo chupa?"

*

Watu walijaa bwaloni, wamekaa chini ili wasichoke, kwa sababu hewa ilikuwa imekuwa nzito na kila mtu alikuwa na kichwa kinachogonga. Juu ya meza Minza aliweka bilauri mbili. Moja ilikuwa na maji ya tenki, nyingine maji aliyoyakamua kutoka kwenye udongo wa tuta la kwanza. Alimimina rozela katika zote mbili. Ya kwanza ikawa nyekundu. Ya pili ikawa kijani.

"Kila maji yenye magadi hufanya hivi," alisema.

"Paza sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nasema ni magadi! Chuma kikiingia kwenye maji ya magadi hakibaki kimeyeyuka. Kinarudi kuwa kama kutu, na mizizi inakigusa bila kuweza kukinywa. Tulipomwaga vidonge mara ya kwanza, majani yaliwahi kunywa kidogo, halafu magadi yakakikamata kilichobaki. Majani yakapauka. Yakipauka, hewa inachafuka, Pafu linafanya kazi zaidi na kutoa magadi zaidi. Majani yakipauka yanakuwa magumu, na sisi tunatia magadi zaidi ili yalainike. Na maji yake tunayarudisha kwenye mizizi." Akameza mate. "Tunazunguka. Tunazunguka humo humo."

Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama Mama Atupele, aliyekaa mbele na mikono kifuani.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Atupele alisema.

"Mama, sikusema..."

"Nimepika kwa magadi tangu siku niliyofundishwa kushika mwiko. Mama yangu alipika kwa magadi, na bustani yake haikufa."

"Bustani ya mama yako ilikuwa na mvua ya kuosha," Minza alisema. "Hapa maji ni yale yale, yanaenda na kurudi. Hakuna kinachotoka."

"Wewe uliyepokea ndoo, hukujua?"

"Sikujua."

"Basi tuliokosa tuko wawili. Andika hilo kwenye elimu yako."

Watu wachache walicheka. Kihwele alipiga meza.

"Lawama mtagawana baadaye. Dawa yake nini?"

"Kitu kichachu. Magadi tuyaache leo leo, na matuta tuyamwagie togwa iliyochacha, na ukwaju, na rozela, chochote kikali cha kuyavunja magadi. Udongo ukishachachuka, chuma kitafunguka."

"Vizuri. Togwa kila nyumba inayo. Na vidonge vilivyobaki vimwagwe pamoja nayo, sasa maji yakiwa yamerekebishwa vitafanya kazi kweli. Si ndivyo?"

Hapo ndipo Minza alipoiogopa akili ya mkuu wake, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Ndivyo," alisema. "Vingefanya kazi, tena haraka. Lakini chuma cha kwanza bado kimo udongoni, mkuu. Hakijaenda popote, kimejifunga tu. Tukikifungua hicho, hatuhitaji hiki."

"Una hakika kimo?"

"Nina hakika kimo."

"Una hakika kinatosha?"

Alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na hakuna ambaye angeweza kumkanusha. "Sina."

"Kitafunguka lini?"

"Sijui. Siku kadhaa. Labda zaidi."

"Na mshale umebakiza upana wa kidole." Kihwele alishusha sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Nikuulize mbele ya watu wote, na unijibu kama msimamizi wa bustani. Asingekuwa wifi yako, ungeongea hivi?"

Minza alitafuta jibu ndani yake kwa uaminifu, akapekua kila kona, na hakulikuta. Aliona tu kigoda, na miguu iliyovimba, na mkono unaochochea sufuria.

Kemilembe aliinuka kwa kusaidiwa na ukuta. "Mkuu, msigombane kwa ajili yangu. Mimi natoa. Wamwage."

"Kaa chini," Mama Atupele alisema bila kugeuka.

"Mama, ni damu yangu."

"Nimesema kaa! Utatoa nini wewe, usiyeweza kusimama?" Kisha akamgeukia Minza, na macho yake yalikuwa makali kama mwanzo. "Haya, msomi. Chupa unayo wewe."

Na kweli alikuwa nayo, mfukoni. Kanuni ya Tukae ilimpa msimamizi wa bustani neno la mwisho juu ya chochote kinachoingia kwenye udongo. Siku ilipoandikwa, kila mtu aliiona ni kanuni ya mbolea tu.

Minza alitoa chupa. Alitembea mpaka kwa Mama Atupele, akaiweka mapajani pake, na hakuthubutu kuangalia nyuso za watu.

"Nitahitaji togwa," alisema. "Nyingi."

*

Walileta. Walileta kwa masufuria na kwa ndoo na kwa chupa za maziwa za watoto, wengine wakiiweka chini na kuondoka, wengine wakimwambia kwamba iwapo atawaua basi awaue haraka. Bustani ikanuka uchachu. Minza alimwaga, akapima kwa rozela, akamwaga tena, mpaka maji ya udongo yalipobaki mekundu. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Mshale uligusa mstari. Kihwele alifunga Mtaa wa Chini kama alivyoahidi, na watu wakabanana juu, familia juu ya familia, wakigombania nafasi za kulala na kulaaniana kwa sababu ya mguu uliomkanyaga mtu. Watoto walitapika. Mhoja aliporudi kutoka kwenye Pafu alisimama mbele ya dada yake. "Sijui nikushukuru au nikupige," alisema, na akaenda zake kulala. Watu walipokutana na Minza kwenye njia nyembamba walimpisha kama wanavyompisha mgonjwa.

Kila asubuhi aliinama kwenye matuta, na kila asubuhi ilikuwa njano. Alianza kuona kijani mahali ambapo hakikuwepo. Mara mbili alimwita Kihwele, mara mbili Kihwele alikuja akaangalia, akageuka kuondoka. Mara ya pili alisimama mlangoni kidogo, mgongo umepinda. "Nimewaambia watu leo jioni tutaamua upya," alisema. "Kanuni inaweza kubadilishwa kwa kura ya mikono."

Kemilembe aliletwa bustanini, kwa sababu hewa iliyobaki ilikuwa nafuu hapo kuliko penginepo. Walimtandikia mkeka katikati ya matuta, na Mama Atupele akakaa kando yake, akampa kidonge chake kila siku na kumtazama mpaka ameze. Yeye na Minza hawakuzungumza. Mama Atupele aliitikia shikamoo kwa kutikisa kichwa, kisha akageukia mgonjwa wake.

Siku hiyo ya kupiga kura, Minza alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la mwisho aliposikia sauti ya wifi yake, dhaifu.

"Wifi. Jani hili."

"Lipi?"

"Hili lililo usoni kwangu. Nimelala nalo, nalijua kama ninavyoujua mkono wangu. Jana halikuwa hivi."

Minza hakwenda mbio. Alikuwa amejidanganya mara nyingi mno. Aliinama juu ya mkeka na kulitazama lile jani, dogo kama ukucha, lililoanza kujikunjua jana yake. Alifumba macho, akayafumbua. Akajikuta hawezi kuamini chochote ambacho macho yake yangemwambia.

"Mama," alisema. "Naomba utazame wewe. Hii ni rangi gani?"

Mama Atupele alimfunika mgonjwa wake kwanza. Kisha akasogea kwa magoti, akashusha miwani, akaligeuza jani kwa ncha ya kidole kwa uangalifu ule ule aliotumia kwa vichanga. Alilitazama juu, akalitazama chini, akalinganisha na jirani yake.

"Kijani," alisema. "Ni kile kichanga, lakini ni kijani. Mpaka katikati ya mishipa."

Kemilembe alianza kulia kimyakimya, machozi yakiteremka kuelekea masikioni. Minza alibaki ameinama. Alikuwa amengoja kufurahi kwa muda mrefu hata alipofika hapo hakujua furaha inaanzia wapi. Aliangalia mmea wa pili: njano. Wa tatu: njano. Akainuka, akapita tuta zima akishika kiuno. Kwenye tuta lile mimea minne ilikuwa imeanza. Matuta mengine yote, mpaka ukutani, yalikuwa bado yamepauka, na juu ya mlango mshale ulikuwa pale pale ulipokuwa.

Alirudi akachukua ndoo. Ilikuwa tupu.

"Mama, togwa imebaki?"

"Imebaki yangu tu. Ya kunywa."

"Ilete. Matuta mengine bado, na kura ni jioni."

Mama Atupele alimtazama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Nishike mkono niinuke," alisema.